Amana ya mpangaji anayehama: kipi ukate na kipi umrudishie

Msomaji aliyepangisha nyumba kwa mara ya kwanza ameuliza hivi: mpangaji wake amehama baada ya kukaa miaka 3, kodi akiilipa kwa wakati na bila ugomvi wowote. Mwenye nyumba alipoingia kukagua alikuta rangi imefifia, kuta za sebule zina matundu ya misumari, ukuta mmoja umechorwachorwa na mtoto kwa kalamu za rangi, zulia la chumba kimoja cha kulala limeungua kwa pasi, sehemu ya chini ya kabati la sinki la jikoni imevimba kwa maji, oveni imejaa mafuta yaliyoganda, ufunguo mmoja wa mlango wa mbele haukurudishwa, na bili ya mwisho ya maji haijalipwa. Amemwita fundi, na makadirio aliyoletewa yanazidi amana yote. Picha za nyumba ilivyokuwa kabla ya mpangaji kuingia anazo chache tu. Anataka kujua kama ni haki kuizuia amana nzima, na kama mpangaji aliyekuwa mwema anastahili kupunguziwa.

Ndugu msomaji, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Tabia ya mpangaji haiingii katika hesabu ya amana. Mpangaji mwema aliyeunguza zulia analipia zulia, na mpangaji msumbufu ambaye hakuharibu kitu anarudishiwa amana yake yote. Ukiamua kumsamehe kitu kwa hiari yako, hilo ni jema na ni lako, lakini lifanye baada ya kupata kiasi cha haki, usilitumie kama njia ya kukipata. Wenye nyumba wengi wapya hukosea hapa: hutazama kwanza walivyoishi na mpangaji, kisha hutafuta makato yanayofanana na hisia zao.

Jambo la msingi ni kwamba amana ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwako, na inabaki kuwa yake mpaka wewe uoneshe hasara aliyokusababishia. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kinachofidiwa ni thamani uliyoipoteza, ambayo karibu kila mara ni ndogo kuliko gharama ya kuweka kitu kipya. Fundi wako hakukosea katika makadirio yake. Ulimuuliza nyumba iwe mpya kwa kiasi gani, naye akajibu swali hilo. Swali la amana ni jingine.

Kabla ya kukata chochote, soma mkataba wako pamoja na sheria ya mahali nyumba ilipo, kwa kuwa masharti hutofautiana sana na yana makali yake. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2007 amana za sehemu kubwa ya wapangaji wa nyumba za watu binafsi lazima ziwekwe kwenye mpango rasmi wa kuzilinda, na muda wa sasa wa kufanya hivyo ni siku 30. Mwenye nyumba asiyetimiza hilo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji mara 1 hadi 3 ya amana yenyewe. Katika jimbo la California nchini Marekani, mwenye nyumba ana siku 21 za kurudisha amana pamoja na maelezo ya kila kato, na akiizuia kwa nia mbaya mahakama inaweza kumtoza hadi mara 2 ya amana juu ya kiasi anachodaiwa. Ujerumani, amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3, nayo hutunzwa kando na mali ya mwenye nyumba ili izae riba ya mpangaji. Huenda kwako hakuna lolote kati ya haya, au kuna kali zaidi. Vyovyote iwavyo, tarehe ya mwisho ya kurudisha amana iandike leo mahali utakapoiona, kwa sababu makato ya haki yaliyochelewa yanaweza kukataliwa yote.

Sasa twende kwenye nyumba yenyewe. Ili tusifungwe na bei, tuchukue amana yote kuwa mafungu 100. Kwa maelezo uliyoniandikia, makadirio yanakwenda hivi: kupaka rangi nyumba nzima 60, zulia jipya kwa vyumba viwili 20, kabati la sinki 12, usafi wa oveni 3, vitasa viwili vipya 5, na bili ya maji 4. Jumla ni 104, na ndiyo maana umeona amana haitoshi.

Rangi ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya makadirio, na ndiyo yenye haki ndogo kuliko zote. Uchakavu wa kawaida, kwa jinsi sheria ya Uingereza ilivyozoea kuueleza, ni ule unaotokana na matumizi ya kiasi ya mpangaji pamoja na kazi ya nguvu za asili. Jua hupiga ukuta, mikono hupita karibu na swichi, kiti hugusa ukuta mahali palepale kila siku, na baada ya miaka 3 rangi imechoka. Hayo yote tayari yamelipiwa ndani ya kodi. Matundu machache ya misumari ya kutundikia picha nayo nayaweka humo, isipokuwa mkataba uliyakataza waziwazi au ni mengi na makubwa kiasi cha kuhitaji kuziba na kusawazisha ukuta. Pima kwa kidole: tundu linalozibwa kwa tone la mchanganyiko wa kuzibia na kufutwa kwa kitambaa si uharibifu, tundu lililong'oka na plasta, likaacha shimo linaloingia ncha ya kidole, ni uharibifu.

Ukuta wenye michoro ya mtoto ni habari nyingine, kwa kuwa kuchora ukuta si sehemu ya kuishi ndani ya nyumba kwa kawaida. Jaribu kwanza kuuosha kwa sabuni laini na sponji, kwa sababu kalamu za nta mara nyingi hutoka, na huwezi kumtoza mtu rangi pale ambapo maji yangetosha. Michoro isipotoka, ukuta huo mmoja unapaswa kupakwa rangi, tuseme kwa mafungu 5 kati ya yale 60. Hata hivyo usikate 5. Rangi ya ndani katika nyumba ya kupangisha ikikadiriwa kudumu miaka 5, na yako ilipakwa mpangaji alipoingia, imebakiwa na miaka 2. Umepoteza miaka 2 ya ukuta huo, yaani asilimia 40 ya 5, ambayo ni mafungu 2.

Najua utakachosema: ukuta mmoja mpya hautafanana na kuta tatu za zamani, hivyo sebule nzima ipakwe. Ni kweli hautafanana, lakini sababu ya kutofanana ni kwamba zile tatu zimefifia kwa umri, na umri si kosa la mpangaji. Wapo wanaokubali kuhesabu chumba kizima katika hali kama hii, kisha wakapunguza kwa umri. Mimi sioni hivyo, maana mwisho wake mwenye nyumba anapata sebule mpya ambayo sehemu yake imelipiwa na mtu aliyekwisha kuhama.

Zulia lifuate hesabu ileile, ila hapa hasara ni ya kweli na huna sababu ya kuona haya kuidai. Alama ya pasi haina ubishi: ina umbo lake la pembetatu, nyuzi zimeyeyuka na kugandamana, na ukipitisha kiganja unasikia ugumu hapo, ilhali penginepo pote ni laini. Hakuna matumizi ya kawaida yanayoacha alama hiyo. Uliniandikia kwamba zulia lilikuwa na mwaka 1 mpangaji alipoingia, kwa hiyo sasa lina miaka 4. Zulia la ubora wa kati tukilipa umri wa miaka 8, limebakiwa na nusu ya maisha yake. Fundi amependekeza vyumba viwili ili vilingane, lakini kilichoungua ni kimoja. Gharama ya chumba hicho ni mafungu 12, na nusu yake ni 6. Kabla ya kufika huko, uliza kama kuna kipande kilichobaki siku ya kuweka zulia, au kama kinaweza kukatwa kipande chini ya kabati la ukutani na kupandikizwa pale palipoungua. Kazi hiyo ikifanyika vizuri, na ikiwa gharama yake ni chini ya mafungu 6, kata gharama ya kazi hiyo na si zaidi. Na kama zulia lingekuwa na miaka 9, ningekushauri usikate chochote, hata alama ingekuwa kubwa kiasi gani, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake.

Umri huu wa vitu unautoa wapi? Muuzaji wa bidhaa na fundi anayeiweka kila siku ndio mashahidi wazuri, pamoja na dhamana ya mtengenezaji pale ilipo. Unapokadiria, zingatia pia nani aliishi humo. Zulia la nyumba yenye watoto watatu haliwezi kutegemewa kudumu kama la mtu mmoja anayesafiri, na ulijua ni familia ulipopangisha. Chagua makadirio ambayo ungeweza kuyatetea mbele ya msuluhishi asiyekujua wewe wala mpangaji.

Kabati la sinki ndilo gumu kuliko yote, na hapa nakuomba uwe mvumilivu na maelezo, kwa sababu hasara moja ina wahusika wawili. Bomba la maji machafu chini ya sinki ni mali yako, na kulitunza ni jukumu lako. Kiungo chake kikilegea kwa umri, mpangaji hana kosa lolote kwa tone la kwanza. Kosa lake linaanzia pale alipoona maji, au alipopaswa kuyaona, akanyamaza. Kwa hiyo unachoweza kumdai ni nyongeza ya uharibifu iliyotokana na ukimya huo, na si uharibifu wote.

Utajuaje? Toa kila kitu kabatini, chukua tochi, uinamie. Makabati mengi hutengenezwa kwa ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ambao ukilowa huvimba na haurudi tena. Maji yakimwagika mara moja kwa wingi, uvimbe huwa sawasawa na doa huwa na ukingo mmoja. Yakivuja polepole kwa miezi, utaona mizunguko ya madoa, mmoja nje ya mwingine, kila mmoja ukionesha maji yalipofika kabla ya kukauka. Mara nyingi kutakuwa na ukungu mweusi pembeni na kutu kwenye skrubu za bawaba. Ukikuta pia bakuli au kitambaa kilichowekwa chini ya kiungo, basi mtu alijua. Piga picha hivyo vitu kabla ya kuvigusa. Halafu rudi kwenye ujumbe mliokuwa mkiandikiana, usome wote tangu mwanzo. Ikiwa mpangaji alikutajia maji ya jikoni hata mara moja na wewe ukasema utamtuma fundi, kisha hukumtuma, kabati hili ni lako lote na usiliandike kabisa.

Tuseme hakukutajia na dalili zinaonesha kuvuja kwa muda mrefu. Kabati lina miaka 8, nalo lilitarajiwa kufika 12, kwa hiyo thamani iliyobaki ni theluthi moja ya mafungu 12, yaani 4. Kiasi gani cha hayo 4 kimetokana na ukimya wake? Hakuna kipimo cha kitaalamu kitakachokupa jibu kamili, na anayekuambia kipo anakudanganya. Kwa kuwa bomba ni lako na ukimya ni wake, ningegawa nusu kwa nusu, nikakata mafungu 2 na kueleza kwa nini. Ukigundua kwamba hukuwahi kufanya ukaguzi wowote kwa miaka 3 ilhali mkataba ulikuruhusu, mimi ningeliachilia kabisa. Msuluhishi atakuuliza swali hilo, na hutakuwa na jibu zuri.

Oveni haina mjadala mrefu. Uchafu si uchakavu, hivyo hesabu ya umri haihusiki, lakini kipimo ni hali ya usafi aliyoikuta mpangaji, si usafi unaoutaka kwa mpangaji ajaye. California imeandika hivyo katika sheria yake kwa mikataba iliyoanza tangu mwaka 2003, na ni kanuni ya busara hata pasipo na sheria. Ikiwa alikabidhiwa oveni safi na unaweza kulionesha hilo, kata mafungu 3. Kama umeisafisha mwenyewe, andika saa ulizotumia na malipo ya saa ambayo mtu wa kazi hiyo angelipwa, si malipo unayopata kwenye kazi yako ya ofisini. Usiweke kifungu cha kumlazimisha kila mpangaji kulipia kampuni ya usafi atakapohama, awe amesafisha au hakusafisha. Uingereza ilipiga marufuku tozo za namna hiyo mwaka 2019.

Ufunguo uliopotea unahalalisha kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele, kwa sababu hujui uko mikononi mwa nani. Hauhalalishi kitasa cha mlango wa nyuma, kwa hiyo kato ni mafungu 2. Bili ya maji ni deni tupu lisilo na umri wala mjadala: mafungu 4 yote, ilimradi usomaji wa mita umefanywa siku aliyokabidhi nyumba na si wiki mbili baadaye.

Jumla sasa ni 19: rangi 2, zulia 6, kabati 2, oveni 3, kitasa 2, bili 4. Unamrudishia mafungu 81. Najua ni mbali na 104 uliyoanza nayo, lakini ile tofauti ya 85 haikupotea popote. Sehemu kubwa yake ni gharama ya kuwa na nyumba ya biashara, ambayo ilipaswa kutengwa kidogokidogo kutoka kwenye kodi ya kila mwezi, na usipoanza kuitenga sasa utakuwa na swali hilihili mpangaji ajaye akihama.

Umeuliza pia, kwa kupita, kama unaweza kudai kodi ya wiki ambazo nyumba itakaa tupu ikitengenezwa. Kwa uharibifu huu, hapana. Nafasi ya siku chache kati ya mpangaji na mwingine ni ya kawaida, na kazi unayotaka kufanya kwa sehemu kubwa ni ya kwako. Dai la namna hiyo husimama tu pale uharibifu wa mpangaji wenyewe umefanya nyumba isikalike.

Nije kwenye picha zako chache, maana ndizo zitakazoamua haya yote yanasimama au yanaanguka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye amana hilo ni kweli kwa maana ya moja kwa moja. Kusanya ulichonacho: picha za tangazo ulilotumia kutafuta mpangaji, kwa kuwa zina tarehe na huonesha kuta na sakafu, risiti za rangi na zulia, ujumbe ambao mpangaji alikuandikia wiki ya kwanza akisifu nyumba au akilalamikia kitu. Unaweza hata kumwomba mpangaji mwenyewe picha alizopiga alipoingia, na wengi hutoa. Kisha pitia kila kato ukijiuliza kama lina angalau ushahidi mmoja wa hali ya awali. Alama ya pasi na michoro ya ukutani vinajisemea. Oveni haijisemei. Kama huna picha wala maandishi ya oveni ilivyokuwa, yale mafungu 3 yaache, hata kama una hakika moyoni kwamba ilikuwa inang'aa.

Ukishafika hapo, mwandikie mpangaji kwa utulivu, kitu kimoja kwa aya moja, bila neno lolote kuhusu uzembe wake. Kwa mfano: “Zulia la chumba cha kulala cha nyuma lina alama ya kuungua karibu na dirisha, kama inavyoonekana katika picha ya pili. Lilinunuliwa miaka 4 iliyopita, risiti imeambatishwa, na nimekadiria umri wake kuwa miaka 8. Makadirio ya fundi kwa chumba hicho pekee yameambatishwa. Nimekata nusu ya kiasi hicho.” Maelezo kama hayo humpa mpangaji nafasi ya kubishana na kitu mahususi, umri wa zulia au bei ya fundi, badala ya kubishana na wewe. Akileta hoja nzuri, ikubali na urekebishe. Akileta makadirio ya fundi mwingine yaliyo nafuu, yachunguze kwa nia njema kabla ya kuyakataa.

Na usisubiri mkubaliane kwa kila kitu ndipo umlipe. Mafungu 81 hayana mgogoro hata kwa hesabu yako mwenyewe, hivyo yatume mara moja pamoja na barua, uandike waziwazi kwamba kuyapokea hakumzuii kupinga yale 19 yaliyobaki, na umpe jina la baraza au chombo cha usuluhishi anachoweza kukiendea mahali mlipo.